Pua ya Mkaza Mwana

Wema una adabu zake, na ya kwanza ni kuuliza. Fundi rangi hakuuliza. Siku mke wake alipokwenda kushinda kwa dada yake, alishusha makopo yote ya dawa kutoka kwenye rafu ya sebuleni, akaipaka rafu rangi ya buluu iliyobaki kwenye kazi ya mtu, na kwa kuwa rangi haikuisha, naye ni mtu asiyependa kuona kitu kinaharibika, akayapaka na makopo yenyewe. Yote, pamoja na vifuniko. Yalipokauka akayapanga upya kwa kimo, mafupi mbele na marefu nyuma, kama watoto wa shule wanaopigwa picha.

Mke aliporudi alisimama mlangoni, mkoba ukiwa bado begani. Mumewe alikuwa ameketi kitini na uso wa mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Unaonaje, mama watoto? Sasa mgonjwa akiingia anajua ameingia mahali."

"Pamependeza," alisema mkewe. Alikwenda jikoni, akakaa kwenye kigoda, na akabaki pale kama mtu aliyetumwa kitu akasahau ametumwa nini.

Mwanamke huyu aliitwa Mama Pua, na mtaa ulimwita hivyo kwa heshima. Alikuwa muuza miti shamba, kazi aliyokabidhiwa na mama mkwe wake akiwa hai, bahati ambayo si ya kila mtu, maana wazee wengi hukabidhi kazi wakiwa wameshazikwa. Jina lilianza siku za mwanzo za ndoa. Asubuhi moja alipita mlango wa jikoni wakati mama mkwe anabandika maziwa, akasema kwa sauti ya bibi harusi anayeogopa hata vyombo vya watu, "Mama, hayo yatakatika." Maziwa yalikuwa meupe, mazima, moto hayajauona. Mama mkwe aliyabandika vivyo hivyo, na yakakatika. Mzee akageuka, akaitazama pua ya mkwewe kwa muda mrefu, jinsi seremala anavyoutazama ubao kabla ya kuuliza bei.

"Kesho," akamwambia, "uani atafagia mtu mwingine. Wewe utakaa na mimi."

Kazi yenyewe ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja hata mpita njia angeuweza: mafungu yaliyokaa wazi kwenye vikapu, kila moja na sura yake. Mwarobaini wa kumwogeshea mwenye upele, mchaichai na tangawizi kwa wenye mafua, mshubiri wa kupaka penye kuungua, mbegu za papai ambazo wazee waliwapa watoto wenye minyoo. Hivyo vinajitambulisha vyenyewe. Shida ilikuwa ya unga. Magamba na mizizi na majani ya mbali yaliletwa makavu na mama mmoja mchuma dawa, ambaye alikuja na gunia lake siku aliyojisikia. Yalitwangwa kwenye kinu, yakachekechwa, yakaingia kwenye makopo. Na kitu kikishatwangwa, kiwe kilikuwa mti mkubwa au kichaka cha kando ya njia, kinakuwa vumbi tu.

Mama mkwe alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, dawa haitajwi. "Dawa ikitajwa hupoa," alisema, wala hakuwa akitania. Hakuna mti wa unga ulioitwa kwa jina ndani ya nyumba ile, na hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye kopo. Ya pili, kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, makopo yananuswa. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake cha kamba, kikopo cha ugoro mapajani, akapiga chafya zake, akajifuta, kisha akafungua kopo la dawa na kulisogeza chini ya pua ya mkwewe.

"Inakwambia nini?"

"Inafunga tumbo, mama."

"Weka."

Kopo jingine. "Inakwambia nini?"

"Inafungua. Nadhani inafungua."

"Rudia."

Alirudia, akanusa tena, akasema bila nadhani, na hapo akaambiwa weka. Ndivyo ulivyokuwa mtihani huo, asubuhi kwa asubuhi, mwaka kwa mwaka. Hakuwahi kuambiwa amepatia wala amekosea. Ilikuwa weka au rudia, na uso wa mzee haukusema zaidi ya jiwe la kusagia. Mama Pua alitoka pale akiwa na jasho hata siku za baridi, lakini alitoka pia na utulivu fulani moyoni, kwa sababu alijua siku akiteleza yule mzee atamdaka. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaenda shule za bweni. Mama mkwe akazeeka, akaacha ugoro, akahamia chumba cha nyuma na kumwachia rafu. Hata hivyo, kila alipompimia mtu kijiko cha unga, Mama Pua alihisi ana ukuta nyuma yake wa kuegemea.

Halafu msimu wa mvua ukaleta mafua. Yalimlaza, yakamwachia, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia. Alinusa karafuu. Akanusa kitunguu, akanusa mafuta ya taa, na mwisho akavifuata viatu vya kazi vya mumewe, ambavyo kwa miaka yote vililala nje kwa amri yake, akaingiza uso mzima. Hakuna kitu. Chakula nacho kikawa kama karatasi iliyotiwa chumvi.

Hakumwambia mtu. Mtu anayeitwa Mama Pua angeanzia wapi? Alijifariji kwamba itarudi, na wakati akiisubiri alijishikiza kwenye mahali: kopo la kufunga tumbo liko mwisho, karibu na dirisha, la kufungua linalifuata, la kifua liko rafu ya chini. Mchuma dawa alipokuja na gunia aliambiwa bado zipo za kutosha, aende salama. Siku zikaenda hivyo, za uongo lakini za utaratibu, mpaka mume alipoamua kumfurahisha.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Rangi haijamaliza hata kunuka, kama watu walivyosema na yeye akaitikia kwa kichwa, tumbo la mama mkwe likaharibika. Lilianza kwa kunung'unika, likaja kumwagika. Fundi rangi alimbeba mama yake hadi zahanati, na daktari akawapa pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, akasema anywe kidogo kidogo bila kuacha, na kama kesho jioni halijatulia arudishwe haraka, kwa sababu mwili wa mzee hauna akiba ya maji. Mama mkwe alikunywa, maana si mbishi wa kila kitu. Lakini kila alipoteremsha bilauri alisema neno moja.

"Nipeni changu."

Jirani muuza mkaa alileta majani ya mpera yaliyochemshwa. Mzee aliyaonja, akayasukuma pembeni. "Haya ni ya watoto. Nataka changu."

Chake kilikuwa lile kopo la karibu na dirisha. Na karibu na dirisha sasa palikuwa na kopo fupi la buluu, likifuatwa na makopo mengine mafupi ya buluu.

Mama Pua alisubiri mumewe atoke, akayashusha, akayafungua moja baada ya jingine. Mengine aliyatambua kwa macho: unga mweusi, unga wenye nyuzi, unga wa manjano. Mawili yakambakia. Unga wa kahawia, laini, sawasawa kwa sawasawa, kama pacha waliovalishwa nguo moja. Mmoja unafunga, mwingine unafungua. Akimpa mzee anayeharisha ule wa kufungua, hayo maji ambayo daktari alisema mwili hauna akiba yake yatakwisha yote, na atakuwa amemuua mama mkwe kwa kijiko, kwa mkono wake, kwa dawa aliyofundishwa na mama mkwe mwenyewe.

Alisugua unga kati ya vidole. Akautazama juani. Akaonja mmoja, ukauma ulimi. Akaonja mwingine, ukauma ulimi. Akamwita mumewe aliporudi.

"Baba watoto, kopo lililokuwa mwisho kabisa, pale dirishani, ni lipi?"

Fundi rangi alitazama kazi yake kwa makini. "Lile lililokuwa la kahawa? Nadhani ni hili." Akafikiri. "Au hili. Mengi yalikuwa ya kahawa, mama watoto."

"Hebu nusa basi, unaweza kukumbuka."

Alinusa moja, akanusa la pili. "Rangi," akasema. "Na hili pia rangi. Nzuri hiyo, haichubuki."

Hakumlaumu. Baada ya miaka ishirini na tano ya petroli na tina ya kuzimulia rangi, huwezi kuiomba pua iwe pua. Ila alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alitamani mume mvivu.

Ndipo, asubuhi ya siku ya pili, alipokuja wifi.

Wifi alikuwa msusi, mwenye kibanda chake na viti viwili, na mdomo uliozoea kusema juu ya kichwa cha mtu asiyeweza kugeuka. Alikuwa binti pekee wa mama mkwe. Zamani, kabla hajaolewa, alilala chumba kilichopakana na sebule, na kila asubuhi alisikia kupitia ukutani mama yake akimuuliza mke wa kaka: inakwambia nini, weka, rudia. Aliwahi kuomba naye akae. Mama yake akamwambia, "Wewe pua yako imejaa mafuta ya nywele." Maneno hayo alikuwa ameyameza, lakini hayakuwahi kushuka.

Aliingia kwa mama yake, akatoka macho mekundu. Mama Pua alikuwa jikoni, amesimama juu ya sufuria ya maharage, mwiko mkononi, anafikiria makopo mawili.

"Wifi, maharage yanaungua," ilisema sauti ya wifi kutoka uani.

Mama Pua alitazama sufuria. Moshi ulikuwa ndiyo kwanza unachungulia pembeni. Akaiepua haraka.

Wifi alikuja mpaka mlangoni. "Umesimama juu yake, wifi. Mimi niko uani, nimesikia. Wewe Mama Pua hujasikia?"

"Mawazo tu."

"Mawazo." Wifi aliitazama sufuria iliyoepuliwa, kisha akamtazama yeye. "Mama anaomba dawa yake tangu jana. Dawa ipo?"

"Ipo."

"Na mwenye kuitoa yupo?"

"Yupo, wifi."

"Basi kinachosubiriwa nini? Wateja unawapimia hapo hapo, mlango haujafungwa wameshaondoka na karatasi yao ya dawa. Mama yangu ndiye wa kupangiwa siku?"

Mama Pua alitaka kujibu, na kila jibu aliloligusa lilikuwa na shimo chini yake. Akisema dawa imekwisha, rafu inaonekana. Akisema kweli, mtaa mzima utajua kabla ya jioni, kwa sababu kichwa cha kwanza kitakachosukwa kibandani kitatoka na habari. Alisema, "Naiandaa," akapita, na wifi akamwachia njia huku akimsindikiza kwa macho.

Akafanya jambo ambalo mwenyewe baadaye hakulielewa. Alichukua kopo moja kati ya yale mawili, akalifunga uzi shingoni ili asilichanganye, akachota kijiko kizima cha unga, akakitia kwenye maji ya moto, akanywa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: likifungua tumbo, basi siyo lenyewe. Alikaa akajisikiliza. Mwanzoni hakuna lililotokea. Kisha tumbo likaanza kuzunguka, akaenda chooni, akarudi, akaenda tena. Lakini alikuwa na hofu tangu jana, hajala, hajalala vizuri, na yeye tangu utotoni akiogopa tumbo lake humtangulia kukimbia. Siku ya harusi yake ilikuwa vivyo hivyo. Sasa hii ni dawa au ni woga? Alisimama uani ameshika kiuno, akijiuliza, na akaona kwamba kadiri anavyojua mambo mengi ndivyo anavyozidi kupotea.

Mchana wa siku hiyo hiyo mama mkwe alikuwa amepungua. Mikono yake juu ya shuka ilionekana ya mtu mdogo zaidi. Mama Pua aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango kwa kisigino, makopo mawili ya buluu kifuani.

"Umeleta?" mzee aliuliza bila kufumbua macho.

"Nimeleta mawili, mama."

"Mimi nina tumbo moja."

Mama Pua akapiga magoti kando ya kitanda. Maneno yalitoka yote pamoja, bila mpangilio. "Mama, sisikii harufu. Tangu mafua yale. Hata maharage yameungua mbele yangu. Nilikuwa naenda kwa mahali, na mwanao akapaka rangi, na sasa hii na hii sijui ipi ni ipi. Nimekudanganya, nimewadanganya watu. Nisamehe, mama, lakini naomba unuse wewe."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Mama Pua akadhani ni baridi ya homa, akavuta shuka kumfunika, na ndipo akaona kwamba mama mkwe anacheka. Kicheko kikavu, kisicho na nguvu, lakini kicheko.

"Unamwomba nani anuse?"

"Wewe, mama."

"Mimi sijanusa kitu tangu kabla hujaolewa."

Mama Pua alimgusa paji la uso. Halikuwa na joto.

"Ugoro," alisema mzee. "Uliila pua yangu kidogo kidogo. Mwisho nikawa navuta kwa mazoea, napata chafya tupu. Nilikuwa katika kutafuta la kufanya, mara Mungu akaleta bibi harusi anayesikia maziwa kabla hayajakatika."

"Lakini kila asubuhi ulikuwa unanipima."

"Nilikuwa nakuuliza."

Nje fundi rangi alikuwa anaburuta ngazi. Mama Pua aliisikia ikiburutwa mwanzo hadi mwisho wa ua. Alikuwa anazirudia asubuhi zile kichwani, moja baada ya nyingine: kiti cha kamba, uso mgumu, jasho lake. Kila kitu kilikuwa mahali pake na kila kitu kilikuwa kingine.

"Na ulipokuwa unasema rudia?"

"Ulikuwa unasema nadhani. Mimi sina pua, wewe unaniletea nadhani, mgonjwa tumpe nini?"

"Na dawa ikitajwa hupoa?"

Mzee aligeuza uso kidogo, na hapo ndipo aibu ilipomgusa. "Ningetaja ipi, mwanangu? Ningekosea mbele ya watu. Jani likiwa jani, gamba likiwa gamba, hakuna wa kunidanganya mpaka leo. Likishatwangwa, basi. Hapo ulikuwa unajua wewe."

"Mimi nilikuwa najua kwa sababu yako. Nilijua nikikosea utanidaka."

"Najua ulijua hivyo. Ndiyo maana hukutetemeka."

Mama Pua aliona hasira ikimjia, ikakosa pa kukaa, kwa sababu aliyemkasirikia alikuwa amelala na midomo imekauka. Aliogopa pia, kwa ajili ya jana na juzi na miaka yote ile, ya vijiko vyote alivyopima akiwa ameegemea ukuta ambao haukuwepo. Nani basi alimfundisha nani? Yule mzee alileta miti, yeye akaleta pua, na kila mmoja akadhani, au akajifanya kudhani, kwamba ujuzi uko kwa mwenzake.

"Na kama ningekosea, mama?"

"Tungekosea wote wawili." Mzee alimeza mate kwa shida. "Tafuta pua, kama nilivyotafuta mimi. Na uitafute leo."

Akatoka. Alisimama sebuleni mbele ya rafu nzuri ya buluu, akizihesabu pua za watu anaowajua kama mtu anayepekua mifuko ya nguo za zamani. Ya mumewe imekwenda na tina. Ya muuza mkaa imejaa mkaa. Za watoto ziko bweni.

"Nani ameacha kitambaa kibichi mahali?" ilisema sauti ya wifi kutoka uani. "Kimeanza kuvunda."

Kitambaa kilikuwa ndani ya ndoo, ndoo ina kifuniko, na iko nyuma ya mlango wa stoo. Mama Pua alijua, maana ndiye aliyekiweka. Akayakumbuka maharage.

"Wifi," akaita. "Njoo ndani."

Wifi alikuja akifuta mikono, uso umejiandaa kwa ugomvi. Alimkuta Mama Pua ameketi kwenye kiti cha kamba cha mama mkwe, mahali ambapo hakuwahi kuketi. Mbele yake palikuwa na kigoda. Makopo mawili ameyaficha nyuma ya kiti, lenye uzi amelitoa uzi na kuuweka mfukoni, kwani kifuniko chake kilikuwa na mkwaruzo kwenye rangi, alioutia mwenyewe akilifungua.

"Kaa."

"Leo ndiyo mmenikumbuka?"

"Kaa, wifi."

Akakaa. Mama Pua alifungua kopo moja, akalisogeza chini ya pua ya wifi. Uso wake mwenyewe ulikuwa umekazana bila kuamriwa, na alishangaa jinsi ulivyo rahisi kukaza uso.

"Inakwambia nini?"

Wifi alimtazama haraka. Maneno yale alikuwa ameyasikia kupitia ukutani ujana wake wote. "Mimi sijui dawa," alisema kwa sauti ya chini.

"Sijakuuliza dawa."

Wifi akafumba macho. "Rangi."

"Chini ya rangi."

"Chini ya rangi..." Alivuta pumzi tena, polepole. "Duka. Pale dukani wanapouza kamba. Kamba mpya, kavu."

Mama Pua alifunga kopo, akafungua la pili.

"Hii ni kabati," alisema wifi, na safari hii hakungoja. "Kabati la mtu aliyeficha pera, akalisahau."

Harufu ile Mama Pua hakuwa nayo tena, lakini kumbukumbu yake alikuwa nayo: dawa ya kufunga, asubuhi zote zile, ilimletea kabati la bibi yake na tunda lililosahauliwa. Na la kamba lilikuwa lile lenye mkwaruzo, lile alilokunywa, lililompeleka chooni. Kama ni lenyewe. Kama si woga. Akayapeleka makopo nyuma ya kiti, akayabadilisha mkono huu na huu mpaka mwenyewe akapotea.

"Rudia."

Wifi alirudia. Kabati. Kamba. Hakusita. Kisha akafumbua macho, na mwanamke huyu mwenye mdomo, mwenye kibanda chake na wateja wake, alimtazama wifi yake kama mtoto anayesubiri daftari lake lirudishwe.

"Nimepatia?"

Swali hilo Mama Pua alilibeba miaka yote na hakuwahi kuthubutu kulitoa. Neno la kujibu alikuwa nalo tayari, fupi, jepesi, lenye uzoefu. Angelisema tu, na wifi angeondoka na ukuta nyuma yake, na yeye angebaki na jina lake. Alifungua mdomo.

"Sijui, wifi."

"Hujui vipi?"

"Pua yangu imekufa tangu mvua zile. Ndiyo maana dawa haijatoka. Na mama naye yake ilikufa zamani. Hapa hakuna anayekupima. Nakuuliza."

Alingoja dharau, kicheko, au kilio. Wifi alitazama mlango wa chumba cha nyuma. "Kwa hiyo mimi nikikosea..."

"Hakuna wa kutudaka."

Wifi aliinuka. Alikwenda kwenye karai la uani, akanawa uso kwa sabuni, akanawa mikono mpaka viwiko, akayatoa mafuta yote ya nywele za watu. Akarudi, akayachukua makopo mwenyewe. Hakufumba macho tena. Alinusa moja, akaenda mlangoni kuvuta hewa safi, akarudi kunusa la pili, akaenda, akarudi. Mama Pua hakumharakisha, ingawa kila dakika ilikuwa ya mama.

"Ni hii," wifi alisema mwisho. "Hii ya kabati."

"Unadhani?"

"Sikusema nadhani."

Walimpa nusu kijiko kwenye maji ya vuguvugu, wakamshikilia bega kila mmoja upande wake, na wakaendelea na maji ya pakiti kama walivyoambiwa. Fundi rangi aliwekwa tayari na viatu miguuni, kama itabidi kumbeba tena. Jioni ilipofika tumbo lilikuwa limepunguza kelele, na alfajiri likanyamaza. Kama ni unga, kama ni pakiti za daktari, kama ni yale majani ya mpera yaliyosemwa ni ya watoto, Mama Pua hakujua, na mtu aliyemwambia anajua hakumwamini. Yeye mwenyewe bado alikuwa anakwenda chooni.

Asubuhi mama mkwe aliomba uji. Alikunywa vijiko kadhaa kutoka mkononi mwa mkwewe, akapumzika, akauliza huku akitazama dari.

"Nani kanusa?"

"Mwanao."

"Yule wa mafuta ya nywele?"

"Huyo huyo. Alinawa."

Mzee aligeuza macho kwenye ukuta wa sebule. Sebuleni wifi alikuwa ametulia, na ukuta ule ni mwembamba, na wote watatu walijua ni mwembamba.

"Kopo liko wapi?"

"Bado liko mezani, mama. Hatujui tuliweke wapi, mwanao kapanga kwa kimo."

"Mwambie," alisema mama mkwe, na sauti yake ikapanda kidogo, ya kutosha kuvuka ukuta. "Mwambie aweke."

Mama Pua alitoka na bakuli la uji. Hakuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Wifi alikuwa amesimama mbele ya rafu, amelishika kopo kwa mikono miwili, akisogeza makopo mafupi na marefu kutafuta nafasi. Aliliweka mwisho kabisa, karibu na dirisha, akabonyeza kifuniko, na mkono wake ukabaki juu yake.